Jiliwa la Hategekimana

Jumatatu, 2 Juni 2025

Jana baada ya ibada Mama Ildefonsa, mwenyekiti wa kamati ya ujenzi, alitangaza kwamba kigango chetu kipya kinatafuta fundi wa mlango mkubwa. Mbao nzito, bawaba za chuma, komeo la chuma. Siku ya baraka jina la fundi litasomwa mbele ya waumini wote, Padre akiwepo. Jina! Lisomwe kwa sauti! Nilisimama kabla hajamaliza.

Watu wakacheka. Ni kwa sababu ya kile kiti. Miaka miwili iliyopita nilimtengenezea katekista kiti, akakikalia mara moja tu, kikampeleka chini na katekisimu yake mkononi. Tangu hapo nikipita sokoni watu wanainuka kwenye viti na kuvikagua. Miaka miwili! Hata Yuda angekuwa ameshasahaulika.

Mama Ildefonsa akasema kamati itazunguka Ijumaa kuona karakana za mafundi. Asiye na jiliwa, kile chombo cha mezani cha kubania chuma, asijisumbue. Hataki bawaba iliyogongewa juu ya jiwe. Akaniangalia mimi aliposema jiwe.

Ni kweli sina jiliwa. Chuma nakibana kwa miguu. Lakini nani alimwambia?

Mwenye jiliwa kijiji kizima ni mmoja, Mzee Hategekimana, fundi wa ng'ambo ya kijito. Alikuwa amesimama pembeni, kimya, anatabasamu. Mtu huyu hasemi chochote na bado anapewa kazi zote. Nikamwamkia shikamoo. Akaitikia marahaba kwa upole wa kuudhi kabisa.

Jumanne, 3 Juni

Nimekwenda Kabanga kununua jiliwa. Nilimwambia mke wangu, Deodata, kwamba nakwenda kuchagua kwa utaalamu. Akauliza utaalamu huo nimeupata lini. Bodaboda ilikuwa inangoja.

Muuza vifaa anaitwa Ciza. Duka lake limejaa minyororo, misumari na maelezo. Alinitolea majiliwa mawili. La kwanza jeusi, zito, baya kwa sura, limeshatumika. La pili jipya, la buluu inayong'aa, jepesi. Kabla sijafungua mdomo akaanza kunifundisha. Eti nilifunge niangalie kama taya zinakutana sawasawa juu na chini. Eti nizungushe skrubu mpaka mwisho nione kama inacheza. Eti niligonge kidogo nisikilize, maana chuma kizima kinalia na chenye ufa kinakohoa. Eti jiliwa halinunuliwi kwa rangi.

Nilishangaa! Muuzaji anayemkatisha mteja tamaa! Nikajua moja kwa moja kwamba jeusi limemshinda kuuza, anatafuta mjinga. Nikamwambia mimi ni fundi, si mwanafunzi. Nikachukua la buluu.

Ciza akauliza mara ya tatu kama nina hakika. Hiyo nayo ni dharau. Nimelibeba mapajani njia nzima ili watu walione.

Jumatano, 4 Juni

Yesu na Maria! Nimeduwaa tangu asubuhi.

Nililifunga jiliwa kwenye meza ya Deodata ya kukaushia vyombo. Bolti sikuwa nazo, nikatumia misumari. Nikaingiza kipande cha chuma, nikakaza. Taya zikakutana chini, juu zikabaki wazi kama mdomo wa mtu aliyesikia habari mbaya. Nikakaza tena. Nikachukua nyundo nikagonga mara moja. Mara moja tu!

Likakatika. Jiliwa, chombo cha chuma, likakatika vipande viwili! Kipande cha mbele kikaruka, kikapasua mtungi wa maji, kikaishia katikati ya kuku. Meza ikalala upande wake taratibu. Nilibaki nimeshika mpini wa skrubu, skrubu haina kwao.

Majirani walifika kabla vumbi halijatulia. Mmoja aliokota kipande akachungulia ndani. Matundu matupu, kama andazi. Akauliza kama nilinunua kwa kilo au kwa rangi. Deodata alikusanya vigae vya mtungi akavipanga kimoja kimoja mlangoni, mahali ambapo lazima nivipite. Nimevipita mara saba leo.

Ijumaa ni keshokutwa. Kamati itanikuta na nusu jiliwa, jina langu halitasomwa, na watu wataendelea kukagua viti mpaka siku ya kiyama.

Alhamisi, 5 Juni

Nimepata! Nashangaa mwenyewe jinsi kichwa changu kinavyofanya kazi.

Huku kwetu mtu akitaka ng'ombe kwa mwenzake haendi mikono mitupu wala haanzi na bei. Anapeleka mtungi wa pombe ya ndizi, wazee wanakaa kama mashahidi, anatoa haja yake kwa maneno mazuri. Mwenye boma mwenye heshima zake hawezi kumrudisha bure mtu aliyekuja na mtungi. Anatoa. Hategekimana ni mtu wa heshima zake. Na hakuna aliyesema mtungi ni wa kuombea ng'ombe peke yake!

Hapo napiga ndege wawili. Mimi nitakuwa na jiliwa. Yeye hatakuwa nalo. Na kesho ni Ijumaa!

Deodata aliposikia akaacha kupepeta maharage. Akasema mambo ya mtungi yana mkia, anayeomba kwa mtungi atapewa kwa mtungi. Nikamwambia mkia ni wa ng'ombe, jiliwa halina mkia. Nikachukua pombe aliyokuwa ameiandalia shughuli ya dada yake, nikavuka kijito mpaka kwa Hategekimana.

Mashahidi walikuwa wazee watatu, Mzee Niyonzima akiwa mkubwa wao. Wote walipenda pombe. Nilisimama nikasema vizuri mno. Nikataja ujirani, nikataja kijito kinachotugawa na maji tunayochota pamoja, nikataja hata marehemu baba wa Hategekimana. Mwisho nikaomba jiliwa. Nilikuwa nimejiandaa kubishana mpaka jioni.

Hategekimana akaangalia mtungi. Akaangalia wazee. Kisha akasema amenipa.

Mtu gani anatoa jiliwa lake siku moja kabla ya ukaguzi? Akalifungua mwenyewe, nati moja moja, akazitia mafuta. Ni la zamani, zito, taya zake zinakutana mpaka karatasi haipiti. Akanisaidia kulibeba hadi kwangu. Akaangalia meza ya vyombo, akatikisa kichwa, akarudi kwake kuleta gogo la mkalitusi liwe mguu wake. Akanionyesha kwamba jiliwa linakaa juu ya mguu wa meza, siyo katikati, na kwamba taya zifike usawa wa kiwiko changu. Akanikatia vipande vya ngozi vya kuweka kwenye meno ya jiliwa nikibana mbao, ili lisiache alama.

Niliona aibu kidogo. Ikapita.

Ijumaa, 6 Juni

Nimepata kazi!!

Kamati ilifika saa nne. Mama Ildefonsa alilishika jiliwa kwa mikono miwili akalivuta kama anang'oa muhogo. Halikutikisika. Akalivuta tena. Akauliza limetoka wapi, nikasema nimepewa kwa heshima. Wakaenda kwa Hategekimana wakakuta kisiki kitupu chenye matundu manne. Wakarudi kwangu.

Nimeshaandika jina langu kwenye karatasi nzuri kwa ajili ya msomaji, asije akakosea. Fundi Mkuu Thobias. Hilo la mkuu nimeongeza mimi, lakini halidhuru.

Jumatano, 11 Juni

Siku nne nimefanya kazi bila kugombana na mtu. Mlango umekwisha leo mchana, na ni mzuri. Siringi. Jiliwa lile likishika limeshika. Tupa ya kusugulia chuma inakwenda moja kwa moja, bawaba zinapinda pale ninapotaka, mkono wangu hautetemeki. Nilifungua na kufunga komeo mara thelathini kwa raha tu. Deodata alilifunga mara moja akasimama akiuangalia mlango. Akasema kumbe unaweza. Machozi yalinilenga, nikasingizia vumbi la mbao.

Ndipo wakaja wale wazee watatu. Na mtungi! Nikafikiri wamekuja kunipongeza. Nikawapa viti. Wakavikagua, wakakaa.

Mzee Niyonzima akasema wamesikia mzaliwa wa kwanza amefika, wamekuja kumpokea kwa niaba ya mwenyewe. Nikauliza mzaliwa gani. Akanieleza polepole, kama anavyoelezwa mtoto. Ng'ombe aliyetolewa kwa mtungi, ndama wake wa kwanza anarudi kwa aliyemtoa. Mimi niliomba kwa mtungi, mbele yao, na wakanywa. Basi kitu cha kwanza kilichotoka kwenye jiliwa ni cha Hategekimana, na jina litakalosomwa kigangoni ni la mwenye ndama. Mama Ildefonsa ameshaarifiwa. Amesema mila ni mila, mradi mlango unafunga.

Nikapiga kelele kwamba jiliwa halizai!

Mzee Niyonzima akageuka akautazama mlango ulioegemea ukutani, mrefu, mpana, bado unanukia mafuta. Akaniuliza: "Mwanangu, na huyu je, ametoka wapi?"

Wakaondoka, wakasema kesho watarudi kuubeba.

Alhamisi, 12 Juni

Jibu nimelipata alfajiri! Kama mzaliwa wa kwanza si mlango, basi mlango ni wangu. Nikawasha mkaa, nikapasha kipande cha nondo, nikakikunja kwenye jiliwa kuwa ndoano ya kutundikia sufuria. Nikawaita wazee. Nikawaambia tazameni, hiki ndicho kilichotangulia, nilikitengeneza Alhamisi ile ile, nikakisahau. Mpelekeeni Hategekimana ndama wake kwa shukrani zangu zote.

Nilikuwa nimemwomba Deodata ashuhudie. Akasema yeye ni mama wa WAWATA, chama cha wanawake Wakatoliki, hasemi uongo kwa ajili ya ndoano. Akakaa nje akimenya ndizi, mgongo kwetu.

Mzee Niyonzima akanyoosha mkono akaichukua ndoano.

Ilikuwa bado ya moto.

Aliiachia akaruka kwa namna ambayo sikutegemea kwa umri wake. Wenzake wawili wakaniangalia. Nje Deodata alikuwa anatikisika mabega, na hakuwa analia. Mzee Niyonzima akatumbukiza vidole kwenye ndoo, akasema kwa utulivu kwamba ndama aliyezaliwa wiki iliyopita hawi na joto hilo. Wakaubeba mlango wangu. Niliwasindikiza kwa macho mpaka ng'ambo ya kijito. Hata kuumia sikuweza, nilishangaa tu.

Jumapili, 15 Juni

Kigango kimebarikiwa. Sikutaka kwenda. Deodata akasema nisipokwenda watu watajua inaniuma. Inaniuma! Lakini nikaenda.

Mlango ulikuwa umefungwa mahali pake. Watu waliugusa wakipita. Bibi mmoja alilibusu komeo langu. Nilikaa nyuma, natazama sakafu. Msomaji akafika kwenye shukrani, akataja waliotoa mchanga, waliotoa mabati, waliopika. Kisha akasoma. Mlango, Mzee Hategekimana. Vigelegele! Makofi!

Hategekimana akasimama. Mtu ambaye miaka yote sijamsikia akisema maneno kumi! Akaomba ruhusa kwa Padre. Akasema kwa mila mlango ni wake, na anawashukuru wazee kwa kulinda mila. Lakini mwenye ndama ana haki ya kumtoa ndama wake kwa amtakaye. Yeye anamtoa kwa Thobias, ambaye mikono yake ndiyo iliyoutengeneza mlango, na mtungi yeye haombi. Akasema jiliwa lilikaa kwake miaka ishirini halijawahi kutoa kazi nzuri kama hii. Akaniita nisimame.

Sikuamini! Nilisimama. Padre mwenyewe alitaja jina langu. Kanisa zima lilipiga makofi, na katekista wa kile kiti akapiga kuliko wote. Deodata alikuwa amejifunika uso kwa kitenge. Hategekimana akaja mpaka nyuma akanikumbatia. Anatoa harufu ya mafuta ya kulainishia nati. Kwa muda kama wa Baba Yetu moja sikumwonea wivu mtu yeyote duniani. Nilimpenda yule mzee. Naandika kama ilivyokuwa.

Halafu tukatoka nje.

Nilisimama kando ya mlango ili wanaotaka kunipongeza wasipate taabu. Wakanipa mkono, ndiyo. Lakini wakanipita! Walikwenda kumzunguka yeye! Nilisikia kwa masikio yangu. Mtu mnyenyekevu namna gani. Moyo wa dhahabu. Mama Ildefonsa alisema angekuwa na mtoto mwingine wa kiume angempa jina la mzee huyo. Mlango wangu, sifa zake! Amenipa jina langu kwa mkono mmoja na kwa mkono mwingine akajichukulia kijiji kizima. Ujanja ulioje! Na mimi nikamkumbatia!

Nimekaa karakanani tangu saa nane nikifikiri, na sasa naona njia iko wazi kabisa. Kumbe kinachoshinda hapa si mlango, ni unyenyekevu. Basi nitamshinda kwa huo huo. Jumapili ijayo nitapiga magoti chini kabisa, kwenye sakafu tupu, karibu na mlango, huku wengine wamekaa kwenye mabenchi. Sitamwambia mtu. Nimemwomba Deodata tu akae mbele, na ibada ikifika katikati ageuke nyuma aseme kwa sauti ya kutosha, jamani, mtazameni Thobias.