Megapikseli Saba na Mkebe wa Mafuta ya Nywele

Jumatano, 2 Agosti 2006

Kazi nimeipata. Kazi yenyewe hasa, si zile picha za kitambulisho ninazowapiga watu wakiegemea ukuta wa choo cha ploti. Ni harusi ya Silantoi, binti wa mwenye nyumba wetu, Mzee Lemayian. Jumamosi asubuhi anatolewa nyumbani kwao Kisaju, apelekwe kwa mumewe kule Rombo. Mpiga picha ni mimi. Mimi Khisa, karani wa stoo katika kiwanda cha nguo Athi River, mwenye kamera ya kidijitali inayoingia kwa mfuko wa shati.

Sitaficha kitu humu. Kazi ilikuwa iende kwa Nzioka. Nzioka ako na studio karibu na stendi ya Kitengela, kamera nyeusi kubwa kama tofali, na madharau. Nikamwahi. Nikamwambia Mama Silantoi kwamba kamera ya Nzioka ni ya megapikseli sita, na yangu ni saba. Akauliza hizo ni nini. Nikasema zihesabu kama ng'ombe, mwenye saba hawezi kuwa sawa na mwenye sita. Hapo alielewa mara moja.

Mama Silantoi akanieleza anachotaka. Mama mkwe wake, ambaye kila mtu humwita Koko, yaani nyanya, hajawahi kukubali kupigwa picha maisha yake yote. Sasa amekubali, mara moja tu, akimbariki Silantoi kwa maziwa. Ni Silantoi aliyemwomba. Rombo ni mbali, Koko amezeeka sana, na huenda wasionane tena. Kwa hivyo picha hiyo moja ndiyo kazi. Hizo zingine ni za kujaza albamu. Nikamwambia ahesabu imeshapigwa.

Kulikuwa na maelezo mengine mengi ya mila, nani asimame wapi na nani asifanye nini. Wakati huo nilikuwa natafuta mahali pa kuzima ule mlio wa kamera. Niliitikia yote.

Mzee Lemayian akasema picha zikitoka vizuri tutaongea habari ya kile chumba cha mbele cha ploti kinachoangalia barabara. Studio yangu! Mke wangu Naliaka anasema ataamini siku ataona bango.

Alhamisi, 3 Agosti 2006

Nimepita kwa Nzioka. Sikuwa na shida yoyote pale. Nilitaka tu anione.

Alikuwa amesikia. Badala ya kukasirika akaanza kunifundisha, jambo ambalo ni baya zaidi. Akasema megapikseli zinakuonyesha tu picha inaweza kuwa kubwa kiasi gani, si nzuri kiasi gani. Akasema ndani ya kamera kuna kipande kinachopokea mwanga. Ndani ya kamera yake ni kikubwa kama stampu ya barua, ndani ya yangu ni kama ukucha wa mtoto mchanga. Akasema lenzi yake inakileta karibu kitu cha mbali, lakini yangu ikifika mwisho inaivuta tu picha ile ile kama sweta kuukuu. Akasema pia yangu ukiibonyeza inafikiria kwanza, yake inapiga hapo hapo. Akamalizia kwamba kamera ndogo si mbaya, inafaa birthday ya mtoto, bora mtoto atulie.

Wivu mtupu.

Kitu kimoja tu ndicho kiliniuma. Aliishika kwa vidole viwili akauliza kama inashika redio pia. Wateja wake wakacheka. Mmoja alikuwa mama wa kwaya yetu.

Ijumaa, 4 Agosti 2006

Dawa imepatikana. Watu hawaangalii kipande cha ndani, watu wanaangalia lenzi. Nimechukua mkebe wa mafuta ya nywele ya Naliaka, nikakata kitako, nikaupaka kiwi nyeusi ya viatu mara mbili, nikaugandisha mbele ya kamera kwa gamu. Sasa ni kamera ya maana. Ukiiona kwa mbali unaweza kudhani mimi ni wa gazeti.

Nimeijaribu nje, mchana, kwa kuku wa jirani. Picha safi kabisa. Yule kuku alikuwa amelala, lakini safi ni safi.

Naliaka aliuliza mafuta yako wapi. Nikamwonyesha kikombe. Akaniita Baba Melvin kwa ile sauti ya chini, akaingia ndani. Atanishukuru kesho.

Jumamosi, 5 Agosti 2006

Sijui nianzie wapi. Naona aibu hata mbele ya hii karatasi.

Nilifika Kisaju jua bado halijatoka. Baridi ya Agosti, mawingu, upepo unapeperusha shuka za watu. Nilivaa suti ya kahawia ya harusi yangu, ambayo siku hizi inanibana mgongoni. Nikawasalimia wazee kwa Kimaasai, sopa, wakaitikia epa. Wakautazama mkebe kwa heshima. Hadi hapo mambo yalikuwa sawa.

Kumbe bwana harusi naye amekodi mpiga picha wa upande wake. Nzioka. Alisimama mbali sana, kule langoni karibu na ua wa miiba. Nilimcheka moyoni. Kutoka kule ataona nini?

Koko akatoka nyumbani kwake. Mama mfupi, amejikunja, shuka nyekundu, shanga mpaka mabegani. Mkono mmoja kibuyu cha maziwa, mwingine shada la majani mabichi. Silantoi akainamisha kichwa. Nikasogea mpaka karibu kabisa, kwa sababu kamera yangu bila kusogea haioni kitu. Koko akachovya majani, akainua mkono. Nikabonyeza.

Kamera ikafikiria.

Koko akamnyunyizia Silantoi maziwa kichwani. Kamera bado inafikiria. Matone mengine yakarukia koti langu. Koko akashusha mkono, akageuka arudi nyumbani kwake, na hapo ndipo flashi ikawaka. Ikampata mgongoni.

Nikamwomba Mama Silantoi amuulize Koko kama anaweza kurudia. Mama Silantoi hakutafsiri.

Ningenyamaza hapo, lakini sikunyamaza. Silantoi akaanza kutembea kuelekea langoni, polepole, kichwa chini, mumewe mbele na msimamizi nyuma. Mimi nilikuwa bado naangalia kile kioo kidogo cha kamera. Nikainua kichwa, nikaona wameshaenda. Nikavuta picha karibu mpaka mwisho. Nikaona kitu chekundu kama nyanya iliyokanyagwa. Basi nikamwita. Nilisema Silantoi, geuka kidogo, utabasamu.

Akasimama. Nikadhani hajasikia. Nikamwita tena, kwa sauti ya kanisani.

Shangazi mmoja akakimbia, akamshika Silantoi kichwa kwa mikono miwili kisigeuke. Akina mama wakapiga kelele. Mzee Lemayian akanijia pole pole, na akaongea kwa sauti ya chini, ambayo ilikuwa mbaya kuliko kupigwa. Alisema binti akitoka kwa babake haangalii nyuma. Anayeangalia nyuma anageuka jiwe. Alisema niliambiwa hayo Jumatano, na kwamba niliitikia.

Silantoi hakugeuka, namshukuru Mungu. Aliendelea kutembea, lakini niliona mabega yakitetemeka. Kama ni kwa kuacha kwao ama ni kwa sababu yangu, sikupata wa kumuuliza.

Jumatatu, 7 Agosti 2006

Jana sikwenda kanisani. Nilimwambia Naliaka tumbo linaniuma. Akasema anajua.

Leo nimeomba ruhusa kazini nikaenda saibakafe kuzitazama picha kwa kompyuta. Kwenye kile kioo kidogo zilikuwa na matumaini. Kwa kompyuta ni msiba. Kila picha ina mwezi mweusi upande wa chini. Nilidhani kadi imeharibika. Kijana wa saiba akautazama mkebe, akasema flashi inaugonga mkebe na huo mwezi ni kivuli chake. Akaniuliza ni wa nini. Nikamwambia ni wa kuzuia vumbi.

Picha ya Koko: mgongo, nusu kibuyu, na mwezi. Ni hiyo tu. Yule mama ameishi miaka yote hiyo akikataa, siku aliyokubali akanipata mimi.

Nimekaa pale mpaka kijana akataka kufunga. Nilikuwa nafikiria ile picha ambayo Silantoi anaingoja Rombo. Nilisikia vibaya kwelikweli. Halafu nikapata wazo.

Jumanne, 8 Agosti 2006

Nimeenda kwa Nzioka. Nilikuwa nimeamua kusema ukweli, lakini nilipofika mlangoni ukanikwama. Nikasema Mama Silantoi amenituma nimchukulie ile picha ya Koko, kama ilitoka. Akauliza kama zangu zimetoka. Nikasema zingine.

Alinitazama. Nilingoja aanze masomo yake ya stampu na ukucha. Badala yake akafungua droo. Akatoa bahasha, akakataa malipo. Alisema hiyo si picha ya kuuza, ni ya yule nyanya. Akaniambia niitazame vizuri kabla sijaipeleka.

Niliifungulia nyuma ya kioski. Jameni. Mkono wa Koko uko juu, na matone ya maziwa yamesimama hewani, unaweza kuyahesabu. Uso wake, kila mkunjo. Shingo ya Silantoi imeinama. Kutoka kule langoni! Pembeni kuna mwanaume mmoja mnene amechuchumaa vibaya, suti imembana mgongoni, mdomo wazi. Nikadhani ni mjomba wao. Nikasikitika kwamba ameiharibu kidogo.

Nikaigeuza, nikaipiga nyuma muhuri wangu wa zile picha za kitambulisho. Khisa Dijitali, Kitengela. Wino umekolea vizuri.

Alhamisi, 10 Agosti 2006

Naandika nikiwa nimejifungia. Naliaka anadhani naoga.

Nilienda Kisaju jioni. Mzee Lemayian alinipokea kwa baridi, lakini chai ilikuja. Nikatoa bahasha. Koko akaletwa, akakalishwa karibu na dirisha, akaishika picha karibu kabisa na macho. Akakaa hivyo muda mrefu. Akajigusa shavu. Akasema kitu kwa Kimaasai, na Mama Silantoi akafuta machozi. Nikatafsiriwa kwamba Koko anasema kumbe amefanana hivi na mamake.

Mama Silantoi akaigeuza, akasoma muhuri, akanishukuru, ashe oleng. Alisema siku ile walinikasirikia sana, lakini kumbe nilikuwa nafanya kazi. Mzee akasogeza kiti, akataja chumba cha mbele. Mimi nikaweka sukari nyingine kwa chai.

Koko alikuwa bado anaitazama. Akaweka kidole pale kwa yule mjomba, akauliza kitu. Mama Silantoi akaangalia. Mzee akaangalia. Kisha Mzee akanipa picha.

Niliujua mkebe kabla ya kujijua mwenyewe. Ulikuwa umeshikwa mbele ya macho, mweusi, na pembeni kiwi ilikuwa imebanduka kidogo, nusu ya neno "nywele" inasomeka. Suti ni yangu. Mgongo ule ni wangu. Nzioka alikuwa ameninasa vizuri kuliko nilivyowahi kunaswa na mtu yeyote, hata siku ya harusi yangu.

Mzee akaniuliza, kwa upole, mtu anapigaje picha akiwa ndani ya picha hiyo hiyo.

Nilisema ni kamera ya kisasa. Mungu anisamehe. Nilisema zikifika megapikseli saba inawezekana.

Hakuna aliyecheka. Afadhali wangecheka. Mzee akasema kesho atamtuma mtu akamshukuru Nzioka. Mama Silantoi akainuka kutafuta makasi, anikate nitoke. Koko akamzuia. Akaongea kwa kirefu huku ananitazama mimi, na nilipotafsiriwa nilitamani nisingesikia. Alisema niachwe. Alisema nilikuwa pale, na maziwa yalinirukia na mimi, na baraka ikishamrukia mtu hairudishwi kwa makasi, hata mtu mwenyewe awe wa aina gani.

Kwa hivyo nimeachwa. Nakala moja itawekwa kwa ukuta wa Kisaju, nyingine inaenda Rombo. Kila mara Silantoi akimkumbuka nyanya yake ataniona mimi na mkebe. Chai sikuimaliza. Habari ya chumba haikurudi tena.

Jumamosi, 12 Agosti 2006

Naliaka amejua yote. Ameambiwa na yule mama wa kwaya, aliyesikia studioni kwa Nzioka. Ameniamuru niende kwa Nzioka nimwombe msamaha kama mtu mzima, kwa ile kazi niliyomnyang'anya na ule muhuri. Nimeenda. Kulikuwa na wateja. Nilisimama kwenye foleni nikijiandaa, zamu yangu ikafika, akaniuliza nisaidiwe nini, nikajikuta nimesema picha ya pasipoti. Ninazo nne sasa. Nimetoka vizuri sana, yule mtu hata akikudharau anakupiga vizuri.

Nimerudi kwa miguu nikitafakari. Mtu akikosa lazima ajiulize amekosa wapi. Nimejiuliza bila kujionea huruma, na jibu limekuja lenyewe karibu na kinu cha unga. Saba hazikutosha.

Rafiki yangu Ondiek, yule ajenti wa mizigo pale Namanga, amenipigia simu. Kuna mtu anauza kamera ya megapikseli kumi. Kumi! Na bado inaingia kwa mfuko wa shati. Nimemwambia aishike. Nzioka na utaalamu wake wote bado yuko kwa sita.

Nikiwa njiani nimekutana na Mugure mwenye hoteli. Mwezi ujao binti yake analetewa mahari. Nikamweleza habari ya ng'ombe kumi na ng'ombe sita, akaelewa upesi. Kazi ni yangu. Alianza kunieleza mambo ya mila zao, nini hufanywa na nini hakifanywi. Nikamwambia asijisumbue, hayo yote nayajua.

Mkebe wa mafuta ya nywele nimeutupa, ulikuwa mfupi. Ule wa maziwa ya unga ya Melvin ni mrefu zaidi. Umebaki na vijiko vichache tu, nitavihamishia kwa kikombe.