Reli ya Rubisi

Jumatatu, 14 Julai

Magurudumu yote ishirini na manane yanazunguka. Yote! Kichwa cha treni manne, mabehewa sita, kila behewa manne. Nimeyamimina mwenyewe kwa alumini niliyoyeyusha kwenye jiko la mkaa. Mama anauliza sufuria yake ya maharage iko wapi. Nimemwambia ilikuwa na tundu. Anasema haikuwa na tundu. Kweli haikuwa nalo, ila ingekuja kuwa nalo.

Wilaya nzima ya Kyerwa haina reli. Karagwe nayo haina. Sasa ipo: ndani ya stoo ya kahawa, Kimuli, nyumbani kwangu mimi, Anastazi fundi redio. Bodi ni debe la mafuta ya kula, mota ni ya printa iliyokufa, reli ni waya mnene wa fensi, mataruma ni mkaratusi niliouchana mwenyewe. Nimejifunza kwa video za simu, kwa bando langu. Hakuna aliyenifundisha kitu maishani. Hata baiskeli nilijifunza kwa kuanguka.

Gaudiosus amepita kuchungulia. Huyu ni shemeji, mume wa dada yangu mkubwa. Mwaka jana alipanda treni ya umeme kutoka Dar mpaka Dodoma, na tangu siku hiyo hajashuka. Akaweka vidole juu ya reli zangu akacheka. Eti, "Shemeji, hii ni njia ya panya. Treni ya sasa reli yake ni pana." Nikamjibu kwamba reli ya zamani ni mita moja, ukigawanya kwa ishirini unapata sentimita tano, na hizo ndizo hizi. Akasema basi nimejenga treni ya babu yake.

Alipoondoka nilipiga hesabu upya. Reli mpya ni milimita 1,435. Gawanya kwa milimita zangu hamsini. Ishirini na nane nukta saba! Treni ileile, reli ileile, kipimo ndicho kimebadilika. Sasa ni ya umeme. Na kweli ni ya umeme, ina betri.

Jumamosi wanakuja wageni wa Nikuze, mdogo wetu wa mwisho. Anafanya usafi hospitalini Nyakahanga, na huko ndiko alikokutana na Winston, aliyekuwa akimuuguza mama yake. Watu wa Winston ni wafugaji wa Bugomora. Marehemu Baba hayupo, kwa hiyo mwenye nyumba ni mimi. Desturi ni fupi: wageni wakinywa rubisi yetu, pombe ya ndizi, mambo yameiva. Wasipokunywa, wanachukua fimbo zao wanarudi kwa ng'ombe, na Nikuze anabaki na ndizi zetu.

Nimepata wazo.

Jumatano, 16 Julai

Nimetangaza wazo wakati wa chakula. Rubisi haitabebwa na mtu. Itatoka chumba cha ndani kwa treni, ipite chini ya pazia, izunguke sebuleni mbele ya kila mgeni, irudi ndani. Mita kumi na nne za reli. Vikombe sita, kimoja kila behewa. Mgeni ananyoosha mkono tu.

Nilitegemea makofi. Nikuze akaweka kijiko chini. "Kaka, nakuomba. Wewe una siku nyingi. Mimi nina hiyo moja." Sielewi. Ni kwa ajili yake ninafanya haya! Kuna msichana gani Bugomora, Kimuli, hata Kayanga, aliyewahi kuposwa kwa treni?

Mama hakusema mengi. Kasema jambo moja tu, akalirudia kama mtu anayemfundisha mtoto sala. Pombe ya nyumba hii, mwenye nyumba aionje kwanza, ndipo wageni wanywe. Watu wasiofahamiana hawanywi kitu ambacho mwenyeji hajakiweka mdomoni. Baba alifanya hivyo, na baba yake alifanya hivyo. Nikamwambia asiwe na wasiwasi, kuonja kutafanyika. Mimi si mtoto.

Msemaji wa familia atakuwa Gaudiosus. Nani kamchagua? Mama. Kwa nini? Eti ana sauti.

Alhamisi, 17 Julai

Msiba. Nimeunganisha betri ya pikipiki yangu moja kwa moja, treni ikaruka kama mbuzi aliyekanyaga siafu, ikaingia kwenye gunia la kahawa. Moshi kidogo. Mama akapiga kelele kwamba kahawa ya maganda ikinuka moshi hakuna atakayeipokea.

Nimekaa nikafikiri. Umeme ni mwingi mno, lazima upitie mahali pa kuchoka kwanza. Nimechomoa balbu ya taa ya mbele ya pikipiki nikaiweka katikati ya waya. Balbu inakula sehemu, mota inapata inayobaki. Treni ikatembea kwa adabu, kama bibi anayekwenda komunyo. Hesabu haidanganyi.

Gaudiosus alikuwepo. Akasema treni ya Dodoma haina balbu ya pikipiki. Nikamuuliza kama alifungua akaona. Akasema alikuwa amekaa dirishani. Basi anyamaze.

Ijumaa, 18 Julai

Majaribio ya mzigo. Kikombe kimoja kina gramu mia mbili na hamsini. Mara sita, kilo moja na nusu. Kwenye mstari ulionyooka, safi. Kwenye kona, maafa! Vikombe vyote vinainamia nje, robo ya rubisi inabaki kwenye mkeka. Nzi wa Kimuli yote wamefika kabla ya wageni.

Dawa nimeipata. Nimepachika vijiti chini ya reli ya nje nikaiinua milimita tano, behewa likainamia ndani linapokata kona. Hata tone halikumwagika. Nilitaka kumwita mtu aone. Nikuze alikuwa anapiga pasi gauni lake, hakunitazama. Mama akasema mkeka ule ufuliwe.

Halafu nikakumbuka kuonja. Nani anajua kama mtikisiko hauharibu ladha? Kila mzunguko nikaonja kikombe kimoja, tena kwa zamu, behewa la kwanza hadi la sita, kisha nikarudia matatu ya mwanzo kwa uhakika. Vikombe tisa. Ladha haibadiliki hata kidogo. Nilijilaza kidogo juu ya magunia ili nitafakari, Mama akaja kuniamsha ameshikilia beseni la maji.

Kwa hiyo kuonja tayari. Mwenye nyumba ameonja, Mama ni shahidi. Kesho ni kuhudumia tu.

Jumamosi, 19 Julai



Walikuja saba. Walisema sita! Mabehewa ni sita! Nikameza hasira. Mbele yao Mzee Twesigye, babu yake Winston, mrefu, kofia haimtoki kichwani, fimbo imeng'aa kwa kushikwa. Nilimwamkia shikamoo, akaitika marahaba akinitazama kana kwamba ananipima uzito. Winston alikuwa na jasho juu ya mdomo. Gaudiosus akaanza kusema. Mimi nikaingia nyuma ya pazia kwenye betri.

Waya mmoja nilikuwa naubana kwa vidole. Ukiachia, treni inasimama. Ikisimama kwenye kona iliyoinama, vikombe vinaanguka. Ndiyo maana sikutoka. Naandika hili kwa sababu baadaye nimelaumiwa sana.

Treni ikaondoka. Nikachungulia kwenye tundu la pazia. Uzuri ulioje! Ikapita mbele ya Mzee, ikakata kona, ikapita mbele ya wote, ikarudi. Vikombe sita vimeondoka, vikombe sita vimerudi. Hasara ya njiani: sifuri. Lakini hakuna aliyekunywa!

Nikawaza: mwendo. Wazee hawadaki. Nikaongeza balbu ya pili, treni ikatembea taratibu kama ng'ombe mwenye mimba. Mzunguko wa pili wakainua miguu ipite. Wameinua miguu! Sikuelewa. Nikasikia sauti ya Mzee Twesigye, "Katika nyumba hii, pombe inajileta yenyewe?"

Gaudiosus akacheka na kusema kwamba hata kwenye treni ya Dodoma unaletewa kinywaji ulipokaa.

"Na huko Dodoma," Mzee akauliza, "nani anaonja?"

Gaudiosus akanyamaza. Mara ya kwanza tangu mwaka jana.

Mzunguko wa tatu nikafuta vikombe, labda ni nzi. Vikarudi vimejaa. Mzee akasema neno kwa Kinyambo, nikasikia fimbo zikigonga sakafu, watu wanajikusanya kuinuka. Sauti ya Mama ikaomba wakae kidogo. Kichwa cha Gaudiosus kikapenya pazia kama cha kobe. "Shemeji, toka uonje! Wanaona tunawaua!" Nikamwambia aonje yeye. Akasema yeye mkwe tu, kinywa chake si cha nyumba hii. Nikamwambia basi awaeleze ukweli: nimekwishaonja jana, vikombe tisa, kuna shahidi.

Akarudi sebuleni na sauti yake ile aliyochaguliwa kwayo. "Wazee wangu, msiwe na hofu. Mwenye nyumba aliionja jana, akalala palepale, mpaka wakammwagia maji."

Kikapu cha zawadi walichokuja nacho wageni kikafungwa.

Hapo nikamwona Nikuze. Hajaitwa, hajafunikwa kichwa, ametokea jikoni na majivu kwenye kiwiko. Mchumba hatokei kabla ya kuitwa, kila mtu anajua! Akapiga hatua mbele ya treni yangu akaweka kiganja. Kichwa cha treni kikagota mkononi mwake, magurudumu yakaanza kusaga bure, na balbu zote mbili nyuma ya pazia zikawaka kama jua, vidole vyangu vikaungua. Nikaachia.

Akatoa kikombe cha behewa la kwanza. Akanywa. Si kugusisha midomo, akanywa nusu, koo likionekana, mbele yao wote. Akafuta mdomo kwa mgongo wa mkono. Akapiga magoti, akakishika kwa mikono miwili, akampa Mzee Twesigye.

Rubisi ikawa inacheza ndani ya kikombe. Nilisahau hata kuunganisha waya.

Mzee alimtazama muda mrefu. Kisha akakaa. Akavua kofia, akanywa mpaka mwisho, akakigeuza kikombe tuone hakuna kitu. Akasema, "Huyu ndiye tuliyemfuata. Mengine ya nyumba hii tutayazoea." Wote wakacheka, Winston akacheka kwa sauti ya kulia, na vikombe vitano vilivyobaki vikanyweka kwa dakika moja. Wa saba akanywea kibuyu.

Jumapili, 20 Julai

Kanisani watu wote wananizungumzia. Wakinitazama wanainua miguu, wanacheka. Umaarufu una namna zake.

Nyumbani Mama haniongeleshi. Nikuze amenibusu shavuni, kisha akanipiga ngumi ya bega, vyote viwili kwa nguvu ileile. Nimemuuliza maana yake nini. Akasema, "Kaka, wewe kaa hivyohivyo."

Nimepitia tukio zima kwa utulivu, karatasi na kalamu. Mizunguko mitatu treni ikitembea: hakuna aliyekunywa. Nikuze akaisimamisha: wote wakanywa. Jibu liko wazi hata kwa Gaudiosus. Walikuwa wanangoja isimame! Treni isiyo na stesheni, abiria anashukaje? Kosa langu ni hilo moja tu. Nimemweleza Mama. Ametoka nje akasimama migombani peke yake.

Jumatano, 23 Julai

Winston amekuja kwa bodaboda kutoka Bugomora na ujumbe wa babu yake. Alizunguka sana kabla ya kuusema, akanywa chai mbili, akaniita shemeji kila baada ya neno. Mzee Twesigye anaomba kwamba siku ya harusi mimi nisihudumie chochote. Nisishike kikombe, nisishike sahani, nisishike waya. Nikae tu kwenye kiti, mbele, mahali ambapo kila mtu ananiona.

Heshima gani hii! Miaka yote nimejitafutia mwenyewe, leo mtu wa ng'ombe wengi anataka fundi apumzike, tena atazamwe na watu wote. Gaudiosus amepewa kiti cha nyuma. Nimemwambia Winston ampelekee Mzee shukrani, na kwamba kwenye sherehe sitagusa kitu, naapa.

Kuhusu kanisani Mzee hakusema lolote.

Nimekwenda mchana na futi kamba. Kutoka mlangoni mpaka madhabahuni ni mita kumi na nane, imenyooka, haina kona hata moja. Behewa moja linatosha. Pete mbili hazifiki gramu ishirini, kwa hiyo balbu moja itaiacha ikimbie, nitaweka mbili. Na safari hii nimeweka stesheni, palepale miguuni pa padri.

Padri bado hajui. Nikuze naye sijamwambia. Atafurahi.