Keki ya Kupakatwa

Kijiko kiligonga bakuli, kikanyamaza, kikagonga tena. Kulikuwa bado giza. Upande wa pili wa ukuta, Injinia alifumbua jicho moja. Alikuwa amelala gereji, kama alivyofanya kila mara mteja aliyemtapeli alipogundua nyumba yake ilipo.

"Mama Keki huyo," alijiambia. "Gari lake limeinuka, na dada yake mwenye nyonga mbovu analipanda kama anayepanda darini."

Jicho la pili likafumbuka lenyewe.

Asubuhi alibisha mlango wa jikoni akiwa ameoga. Kwa waliomjua, hiyo ilikuwa dalili mbaya.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Umekunywa chai?"

Hakuwa amekunywa. Akapewa kikombe na kipande cha keki, akala kwanza, akatapeli baadaye. Adabu ni adabu.

"Mama, gari lako tulishushe. Kidogo tu, vidole viwili. Dada ataingia kama anakaa kwenye kochi."

"Na keki zangu? Ya Jumamosi ni ya harusi ya mjukuu wa dada. Gari likiirusha, nimekwisha. Na dada asipofika, atalia mwaka mzima."

"Ndiyo maana springi na shokapu lazima ziendane. Ukiweka springi fupi na shokapu za zamani, gari linadunda kama mpira. Wenzangu hawakuambii hilo. Mimi nakuambia."

Ilikuwa kweli tupu. Injinia alipenda kuanza na ukweli, kama Mama Keki alivyopaka trei siagi, ili uongo utoke bila kugandia.

Akamzungusha mtaani kwa gari lake mwenyewe, la aina ileile. Chini yake kulikuwa na seti halisi: springi za kushusha kidogo, na shokapu zilizotengenezwa kuendana nazo. Mama Keki alikuwa na kikombe chake cha chai mkononi. Wakavuka tuta, halikumwagika hata tone.

"Ninayoitaka ndiyo hii," alisema.

"Utapata kama hiihii, mama. Naapa."

Ijumaa alfajiri, Injinia alizitoa springi za Mama Keki, akazikata kwa grainda, akazipulizia rangi nyekundu, akazirudisha pamoja na shokapu zilezile za zamani. Kufikia saa ya chai, alivyomweleza mama, zilikuwa zimeshakuwa mpya kutoka ng'ambo, springi za wafalme.

Jumamosi asubuhi, Mama Keki akamletea keki ya ghorofa tatu, nyeupe pee.

"Malipo yako utapata ikifika. Kaa nyuma uipakate."

Injinia akaipakata. Ilikuwa nyepesi kuliko alivyodhani. Akaona huo ndio ufundi.

Tuta la kwanza lilimrusha mpaka kichwa kikagonga paa. Ghorofa ya juu ikamfuata.

"Taratibu, mama!"

"Naenda taratibu, mwanangu. Si umesema springi hizi ni za wafalme?"

"Wafalme wana farasi! Mama, tuta! Tuta!"

Gari liliposimama, Injinia alikuwa amevaa keki. Mama Keki akayafunika mabaki haraka kwa kitambaa, kisha kwa ncha ya mtandio wake akamfuta krimu kwenye nyusi, polepole, kama anayemfuta mtoto.

"Umeumia?"

Swali hilo lilimuuma kuliko tuta.

"Naweza kuoka nyingine," mama aliendelea, "lakini kwa gari hili haitafika. Na wajomba wa bibi harusi wanaingojea. Wanabeba magunia sokoni, ila ni wapole sana wakishakula."

"Turudi gereji," Injinia alisema kwa sauti ndogo.

Akapiga jeki magari yote mawili. Seti halisi ikatoka kwake ikaingia kwa mama, na zile nyekundu zikaenda kwake, maana gari haliwezi kusimama juu ya majuto. Alipokaza nati ya mwisho, jasho likimtoka, Mama Keki alimwekea chai, kisha akaingia ndani akatoka na keki. Nzima. Ghorofa tatu.

Injinia akadondosha spana. "Na ile?"

"Yalikuwa maboksi, mwanangu. Nimeyapaka krimu tu. Jana nilisikia grainda yako, nikajiuliza, springi mpya anazikata za nini?"

"Mama! Umenitapeli! Si ungenikatalia tu?"

"Ningekukatalia, zile springi nilizozikalia garini mwako ningezipata wapi?"

Dada mtu, aliyekuwa akichungulia dirishani, alikuja akijifuta machozi ya kicheko. Akageuka, akaketi garini, akavuta miguu ndani. Hakugumia hata kidogo. Mama Keki alimtazama kitambo, kisha akamkabidhi Injinia malipo yote kama walivyoafikiana, na kipande cha keki kwenye karatasi.

"Umefanya kazi, na kazi yenyewe nzuri. Chukua."

Injinia alipokea kwa mikono miwili. Akawasha gari kuelekea nyumbani. Kwenye tuta la nje ya geti kikasikika kishindo, kisha "mama yangu wee!"

"Ndiyo, nipo!" Mama Keki alimpungia mkono. "Njoo tena Jumapili, mwanangu, chai itakuwepo. Ila njoo kwa miguu!"