Sinema ya Kumrudisha Valeria

Jumatano, 1 Septemba 1976
Kwa heshima na taadhima natangaza: kuanzia leo mimi, Cleophas Niyitegeka, ni Mkalimani wa Sinema, Kasulu. Bwana Gharibu mwenye duka kakodi mashine na filamu ya Kiingereza. Ataionyesha Jumapili mchana ghalani kwake, madirisha yakiwa yamezibwa kwa magunia. Kanichagua kwa sababu nilimpikia padri miaka sita. Hakuuliza padri alikuwa wa taifa gani. Mholanzi.

Ijumaa, 3 Septemba
Gharibu kanisimulia filamu: mke na mume, nyumba nzuri pembezoni mwa mji mkubwa, mke anashuku mumewe anataka kumwua. Nikapata wazo! Mke wangu Valeria yuko kwao Titye, wiki ya tatu sasa. Eti kwa sababu maharage yake ya mbegu niliyabadilisha kwa miwani ya jua. Desturi inataka nibebe mtungi wa pombe ya ndizi, nikaombe radhi mbele ya wakwe. Mtungi! Mimi, mkalimani! Nimemwalika sinema. Katika tafsiri yangu mke yule atajuta vizuri sana, kisha atarudi kwa mumewe. Valeria ataiga.

Jumapili, 5 Septemba
Ghala limejaa. Valeria kaingia, moyo ukaruka. Nyuma yake, mama yake! Kwetu mwanamume hatazamani na mama mkwe. Nikakimbilia nyuma ya shuka la picha, nikatafsiri nikiwa huko huko.

Nyumba yenyewe: majani yamekatwa sawasawa, hakuna hata mbuzi. Mume akadondosha matone ya kichupa fulani kwenye supu ya mkewe. Nikatangaza kwamba anaongeza chumvi, kwa mapenzi. Mke alikuwa akichungulia mlangoni. Akabadilisha sahani. Nikasema anampa mumewe sahani ya heshima. Mume akanywa, akashika koo, akaanguka. Ghala zima likageukia shuka. Wananisubiri mimi.

"Ameshiba," nikasema.

Kicheko! Mke akabeba sanduku, akatoka. Nikakumbuka mpango, nikapaza sauti: anakwenda kumwomba mumewe msamaha!

"Mume yupi tena, baba?" Sauti ya mama mkwe. "Si huyo kalala chini?"

Mkwe hajibiwi ovyo. Nikarudi nyuma, nikakanyaga shuka, likaanguka. Nikabaki kwenye mwanga, uso kwa uso naye, yule mke wa sinema akitembea kifuani pangu na sanduku lake. Nikajifunika shuka, nikatoka mbio kama maiti iliyokumbuka jambo.

Jumatatu, 6 Septemba
Mjini nimesema mashine iliharibika. Humu niandike ukweli.

Valeria alinifuata nje, akanifunua kichwa. Alikuwa akicheka mpaka machozi. Akasema hata mama yake hajacheka hivyo tangu Uhuru. Kisha akafuta machozi. Akasema mtungi niuache, pombe wanayo. Niseme tu nimekosa, naye atarudi nyumbani jioni ile ile.

Neno lilishafika mdomoni. Nililionja.

Nikamweleza kwamba kosa ni la filamu, imetengenezwa vibaya.

Akakunja shuka vizuri, kona kwa kona, akanikabidhi, akaenda zake na mama yake. Nilisimama barabarani mpaka nikawa siwaoni.

Neno moja tu!

Asubuhi hii nimetuma salamu Titye kwamba mimi ni mgonjwa mahututi. Najizoeza kukohoa. Kikohozi changu bado kina afya mno.