Siku Anselmi Alipoiacha Shikamoo

Kitendawili. Wewe uliyeketi hapo, itikia tega. Nimepigwa picha, sura haimo, shati halimo, na hata mama aliyenizaa hajapata kuniona hivyo. Umeshindwa? Nipe mji. Haya, nimekwenda Mgeta, nimekula njegere zao, nimerudi: ni picha ya eksirei. Sasa tegeni masikio, enyi wa mabondeni na wa milimani, niwasimulie siku mume wangu Anselmi, simba wa Mgeta, mbeba matenga ya kabichi, mtikisa madaraja ya miti, alipopigana vita vitatu na pumzi yake mwenyewe.

Chanzo kilikuwa kikohozi cha wiki tano. Binti yetu Neema alikuwa amejifungua kule Mwembesongo, na shujaa, asije akamwambukiza, akaapa hatampakata mtoto mpaka daktari akione kifua chake kwa ndani. Siku kumi na saba akamtazama mjukuu kupitia dirisha, kama mfalme aliyezuiwa kuingia mji wake.

Basi tukaingia hospitali. Akatupokea Zuhura, mtaalamu wa mionzi, binti mwembamba mwenye sauti ya amiri jeshi.

"Babu, vua shati, na hiyo rozari. Kifua kwenye bamba hili la kupigia picha, kidevu juu. Mikono kiunoni, viwiko mbele. Mabega nayo yaje mbele, kama unalikumbatia bamba."

"Mke wangu yuko hapa, binti," akanena shujaa. "Nikumbatie mbele yake?"

"Kumbatia," nikamwambia nikiwa nyuma ya kioo. "Hilo haliwezi kukupikia."

"Vuta pumzi, babu. Ishikilie. Haya, pumua."

Picha ikatoka, mbavu za kando zimekatwa. Zuhura akatikisa kichwa.

"Kosa langu. Mwili mwembamba kifua chake kirefu, bamba husimama. Babu ni wa aina pana kupita zote, kifua kifupi na kipana. Bamba lazima lilale."

Miaka arobaini na tatu ya ndoa, ndiyo kwanza nikajua kwa nini blanketi letu halijawahi kunifikia.

Bamba likalazwa. Shujaa akavuta pumzi, mbavu zikafunguka kama milango ya ngome. Mara Geofrey, mwanafunzi wa mionzi, akaingia kwa mlango wetu wa nyuma, akaona mgongo wa mzee, akafanya kama alivyolelewa.

"Shikamoo babu."

"Marahaba, mwanangu," akajibu shujaa, na pumzi yote ikamwagika. Picha ikatoka na ukungu kama milima yetu mwezi wa nne.

"Babu, usijibu," akasema Zuhura.

"Binti, nimewahi kuacha shamba. Shikamoo sijawahi kuiacha chini."

"Basi leo iache. Daktari anaondoka saa tisa, zimebaki dakika kumi. Ikiharibika tena, mpaka Jumatatu."

Siku ile ni Ijumaa. Nikayaona mabega ya simba yakishuka. Siku tatu tena za dirishani.

Akarudi uwanjani, akalikumbatia bamba. Vuta pumzi. Ishikilie. Na hapo, enyi wasikivu, akaingia daktari mwenyewe, Josephine, mkoba begani, ambaye ndiye angekisoma kile kifua.

"Shikamoo babu. Nyumbani hamjambo?"

 Mishipa ya shingo ikamsimama Anselmi kama kamba za tenga. Salamu ya daktari ikaning'inia chumbani haina wa kuipokea. Geofrey akatazama sakafu. Mimi nikakunja kanga mdomoni nisije nikamjibia. Mashine ikalia.

"Pumua," akasema Zuhura.

Akapumua. Akavaa shati, akafunga vifungo vyote hadi cha shingoni, akavaa rozari, akachukua kofia yake. Daktari alikuwa kwenye skrini, akiitazama picha: mbavu zote zimo, pembe zote za mapafu zimo.

"Mapafu safi, babu, hayana doa. Hicho kikohozi ni cha moshi wa kuni, nitakuandikia dawa. Nenda kampakate mtoto."

Wako walioteka miji kwa tarumbeta na ngoma. Anselmi aliuteka Mwembesongo kwa kufunga mdomo. Nilidhani atakimbilia mlango. Hakukimbia. Aliishika kofia kifuani, kifua kile kifupi na kipana, akasimama wima mbele ya daktari.

"Marahaba, mwanangu," akasema. "Nyumbani hatujambo."