Hereni ya Ng'ombe Wangu Sikukuu

Kwako Godbless, Bwana Mifugo wa kata yetu,

Marahaba mwanangu. Najua ungenikuta ungeniamkia, kwa hiyo nimeshaitikia. Nalalamikia ile hereni uliyomtobolea ng'ombe wangu Sikukuu. Ifute, na mashine yako uifungie kabatini.

Kwanza, mke wangu Elieshi nimekaa naye tangu ana meno yote, hakuna ofisi iliyomletea hereni. Ng'ombe kaletewa mpaka zizini! Sasa nikienda kukamua nanuniwa na mmoja, naringiwa na mwingine.

Pili, hereni yenyewe ni mvivu. Ulitueleza mwenyewe: haina betri, imelala tu sikioni mpaka mashine isogezwe karibu, antena itoe mawimbi, ndipo kile kidude cha ndani kipate nguvu, kiamke, kitaje namba. Tena karibu kama unamnong'oneza mtu! Mimi nikimwita Sikukuu nikiwa kule chini mtoni, anaitikia, na ng'ombe wa mbali kule Kijenge wanainua vichwa. Antena yangu ni koo hili.

Tatu, mashine yako ng'ombe haimjui. Nimeipima. Nilichukua mkasi wa kupogolea kahawa, nikaikata hereni, nikamfungia mbwa wangu shingoni. Msaidizi wako Calvin alipokuja kukagua, nikamwambia apitishe hapo. Mashine ikalia, ikatoa namba, naye akasoma kwenye simu: jike, wa maziwa, ana mimba. Jirani yangu Hanna alicheka mpaka akakaa chini, akamletea Calvin ndoo akamue.

Basi kazi hiyo nipewe mimi. Ng'ombe wote wa mlima huu nawajua kwa kwato, kwa kikohozi na kwa tabia za mama zao. Tena mimi sichajiwi, nanyweshwa chai tu.

Wasalimie mkeo, watoto, mama mkwe, Calvin, na mashine ikiwa imeamka.

Ni mimi nisiyedanganywa na kidude,
Mzee Mika, Nkoaranga.

Nyongeza: Barua hii ikiwa bado mfukoni, Sikukuu ameibiwa. Amekamatwa Elerai pamoja na ng'ombe wengine, na kuna bwana mmoja, Lesikar, anaapa ni wake. Nimemwita kwa koo langu lote. Wakaja wanne, yeye akaendelea kula. Njoo haraka mwanangu, useme unamjua, na uje na hereni nyingine, hata mbili, masikio yote. Maana askari wamesema makelele si ushahidi, wanataka hereni, nami nikawapelekea mbwa. Mashine ikasoma vizuri kabisa. Wakasema hapo hakuna ubishi, mbwa huyu ni wangu, nimchukue nirudi naye nyumbani.