Klachi ya Kumtoa Najma

Tarehe 8 Septemba, Jumatatu

Ushindi! Kamati ya harusi ya mdogo wangu Najma imenichagua mwenyekiti wa kamati ndogo ya usafiri. Wajumbe wa kamati ndogo: mimi. Katibu: mimi. Nimeitisha kikao cha kwanza palepale, nimesimama karibu na birika la chai, na kwa kauli moja tumepitisha kwamba bibi harusi atapanda Kimbunga.

Kimbunga ni gari langu. La Kijapani, la buluu, lina tundu la kuvuta upepo juu ya boneti na bomba la moshi linalowaamsha paka wote wa Mtaa wa Swahili. Gari la mbio, si la kubebea vitunguu.

Ba'mdogo Hashimu, mwenyekiti wa kamati kubwa, aliuliza kama isingekuwa vyema kumwomba Kasmir gari lake jeusi la saluni. Kasmir! Jirani yangu wa duka. Wote wawili tunauza mapazia Mtaa wa Kongo, ila yeye anauza zaidi kwa sababu ana bahati. Gari lake ni otomatiki. Halina hata pedali ya klachi. Unakaa, unakanyaga, linaenda. Huko si kuendesha, huko ni kubebwa.

Nikamjibu Ba'mdogo kwa adabu zote kwamba marehemu Baba aliniachia neno moja tu: siku ya Najma, wewe ndiye utakayemtoa nyumbani. Hakumtaja Kasmir. Na neno hilo la Baba kwangu si la mchezo.

Harusi ni Jumamosi ya wiki ijayo. Kila kitu kiko mikononi mwangu. Salama kabisa.

Tarehe 9 Septemba, Jumanne

Tatizo dogo. Kimbunga kinanguruma lakini hakiendi. Nilikanyaga mafuta pale Jangwani ili nipande kuelekea Magomeni, injini ikapiga kelele za kutisha, gari likabaki linatafakari. Bajaji ikanipita. Bajaji! Ndani kukajaa harufu ya kuungua. Mama alikuwa amekaa pembeni yangu. Nikamwambia kuna watu wanachoma taka.

Nimempelekea Kitwana, fundi wangu wa Gerezani. Alinusa tu, hata hakuinuka kwenye kiti chake. Akasema klachi imekwisha, na kwamba naua klachi kwa sababu naiwekea mguu muda wote kana kwamba ni kigoda. Fundi mzuri, lakini hana lugha ya wateja.

Tarehe 11 Septemba, Alhamisi

Siku ya kuchagua. Naandika kwa kirefu, kwa faida ya wajukuu.

Wajukuu, klachi ndiyo inayoshikanisha na kuachanisha injini na magurudumu. Flaiwili ni ile sahani ya chuma inayozunguka nyuma ya injini, na klachi inaing'ata hiyo. Mengine mtaelewa mkikua.

Kitwana alitandika gunia chini, akaniwekea chaguo la kwanza: klachi kama ile iliyokuja na gari, na flaiwili nzito kama jiwe la kusagia. Akasema hii inashika polepole, inaingia kama mgeni aliyepiga hodi. Nikamwambia mimi sitafuti mgeni. La pili lilikuwa gumu zaidi kidogo, flaiwili yake ileile nzito. Hii, akasema, inamfaa mtu anayependa mwendo lakini ana ndugu wa kuwabeba. Nikapiga miayo.

Kisha nikaona kitu nyuma ya mlango, kimefunikwa kitambaa. Nikafunua mwenyewe. Jamani! Klachi ya mashindano. Diski yake si duara kamili, ni vipande vimeachana kama chapati iliyokatwa tayari kwa wageni. Na flaiwili yake nyembamba, imetobolewatobolewa, nikainyanyua kwa mkono mmoja kama sahani ya wali. Nilipenda papo hapo.

Kitwana akaniuliza gari hili linaenda wapi. Nikamjibu: mbele. Akahema. Akasema flaiwili nyepesi inafanya injini ipande upesi na izimike upesi, na klachi ile haijui kubembeleza, ni shika au achia, basi. Ukiwa kwenye foleni itakuadhibu. Nikamwambia Kimbunga hakipangi foleni. Akasema nichukue ile ya pili, mchagua jembe si mkulima. Nikamkumbusha kwamba mimi si mkulima, ni muuza mapazia.

Tukakubaliana. Ananifungia ya mashindano.

Tarehe 12 Septemba, Ijumaa

Kasmir amekuja dukani na riboni nyeupe. Eti amenunua za gari lake, endapo zitahitajika. Endapo! Nikamshukuru, nikazichukua zote. Zitakaa vizuri kwenye Kimbunga.

Baadaye nimeketi kama kamati ndogo na kupanga msafara. Kasmir nimemweka mwisho kabisa, nyuma ya gari la masufuria. Nilimpelekea habari mwenyewe nione uso wake. Akasema poa, Sadalla, popote mtakaponiweka. Hakununa hata kidogo. Jambo hili limenitia shaka sana. Mtu asiyenuna ana mpango.

Tarehe 14 Septemba, Jumapili

Kimbunga kimetoka gereji! Baada ya swala ya alfajiri nilimchukua Ba'mdogo Hashimu kwa majaribio rasmi, maana kamati kubwa ilitaka uthibitisho.

Pale nyumbani kilizimika mara kadhaa na kuruka kidogo. Nikamweleza kwamba injini za mbio huamka vibaya, kama watu wakubwa. Tulipofika Barabara ya Nyerere, nyeupe, haina mtu, nikakanyaga. Lahaula! Mgongo ulibandikwa kwenye kiti. Gia zinaingia pa, pa, pa. Ba'mdogo alitamka shahada kwa sauti, tena kwa makhraji safi kabisa. Stesheni ya TAZARA ilikuja na kuondoka.

Aliposhuka aliomba maji. Alikiri gari lina nguvu. Kisha akauliza linakwendaje taratibu. Nikamwambia, Ba'mdogo, mtu akinunua kisu kikali haulizwi kama kinapaka siagi. Akaomba maji mengine.

Uthibitisho umepatikana. Nimeuandikia muhtasari na kuusaini mara mbili, kama mwenyekiti na kama katibu.

Tarehe 17 Septemba, Jumatano

Nilimkuta Najma chumbani kwa Mama anakunja kanga, macho mekundu. Akasema anaiogopa Jumamosi. Si ndoa anayoiogopa, Hamis ni kijana mwema. Ni ile dakika ya kuvuka mlango wa nyumbani bila Baba. Nikakaa naye chini. Nikamwambia kwamba kwa klachi niliyofunga atafika ukumbini kabla machozi hayajakauka. Akatabasamu nusu.

Halafu akanipa habari nzuri: upande wa Hamis wamekodi matarumbeta! Watapanda kirikuu, kile kigari kidogo cha mizigo, watatutangulia kutoka Mtaa wa Swahili, tupite Msimbazi, mpaka ukumbini Ilala. Nimeafiki mara moja. Kila mfalme ana watu wa kumpigia baragumu.

Nilimtumia Kitwana ujumbe kumjulisha kuhusu matarumbeta ili naye afurahi. Amejibu neno moja: pole. Nadhani alikuwa anamjibu mtu mwingine.

Tarehe 20 Septemba, Jumamosi

Asubuhi. Kimbunga kimeoshwa, kimepigwa polishi, kimevaa riboni za Kasmir. Kanzu yangu imenyooka. Leo ndiyo leo, asemaye kesho ni mwongo!

Tarehe 21 Septemba, Jumapili

Niandike kwa utulivu.

Nikaha ilipita salama. Najma akatoka nje, amependeza mpaka nikasahau ufunguo nimeuweka wapi. Analia. Yeye na Hamis wakakaa nyuma. Mbele, pembeni yangu, akakaa somo wake Bi Kuruthumu, aliyemfunda, amekumbatia chetezo cha udi ambacho alikataa katakata kukizima. Kirikuu la matarumbeta likaanza kuondoka mbele yetu. Ndipo nilipogundua jambo ambalo hakuna aliyenieleza: matarumbeta hayaendi. Yanatembea. Yanatembea mwendo wa shangazi anayecheza huku amenyanyua kanga.

Nikaachia klachi. Kimbunga kikaruka. Mpuliza tarumbeta kubwa, aliyening'iniza miguu nyuma ya kirikuu, akaivuta ndani kwa kasi ya ajabu. Kikazimika. Nikawasha, kikaruka, kikazimika. Majivu ya udi yakanimwagikia kwenye kanzu. Kofia ya Hamis ikatua kwenye dashibodi. Nikaongeza mafuta, kikaruka zaidi. Nikapunguza, kikafa. Bi Kuruthumu akaniuliza kama udereva nilijifunzia juu ya mbuzi.

Ubaya ni kwamba wapiga ngoma walikuwa wanatutazama. Wakaacha wimbo wao, wakaanza kufuata wetu. Gari likiruka, ngoma inapiga du! Likizimika, kimya. Du! Kimya. Du! Kimya. Mtaa mzima ukaanza kucheza hivyo. Wauza mitumba wanaruka na kuganda, kina mama madirishani wanaruka na kuganda, simu zote juu. Nikawapungia mkono, ili ionekane tumepanga.

Msimbazi, penye msongamano kuliko pote, betri ikachoka. Nikageuza ufunguo: tik. Tena: tik. Bi Kuruthumu akafungua mlango, akashuka na chetezo chake, akasema atatangulia kwa miguu kwa kuwa ana haraka.

Nikamwona Kasmir anakuja. Kwa miguu, kutoka mwisho wa msafara, pale nilipomweka mwenyewe. Amevaa suti, jasho linamtoka. Akasema gari lake lina kiyoyozi na liko tayari, ila limezibwa huko nyuma, bibi harusi itabidi atembee kidogo. Hakucheka. Nilitamani acheke, ningepata cha kumchukia. Niliona aibu mpaka masikio yakawaka. Neno moja aliloniachia Baba, na nimelifikisha Msimbazi tu.

Nikageuka nyuma nikamwambia Najma ashuke aende na Kasmir, na kwamba anisamehe. Akafuta pua, akasema, "Baba alisema kaka ndiye atakayenitoa. Sishuki."

Wapagazi wa Kariakoo walikuwa wamesimama pembeni na mikokoteni yao, wamezibiwa njia na sisi. Mmoja akamsikia. Akatua mzigo, akawapigia wenzake kelele, "Oyaa, bi harusi hashuki! Njooni!" Wakaja. Wakaegemeza mikono kwenye buti, Hamis akavua koti akajiunga, Kasmir naye na suti yake. Nikaweka gia huru, nikashika usukani. Na Kimbunga, wallahi, kikaondoka laini, kama pazia la hariri kwenye reli mpya. Mwendo uleule wa matarumbeta. Hakikuruka, hakikushtuka. Wapagazi wanaimba, ngoma inawajibu, watu wanarusha maua.

Nikasikia sauti nyuma yangu. Najma anacheka. Yeye aliyelia tangu alfajiri, anacheka mpaka wanja umeshuka mashavuni, anapiga kiti cha mbele kwa mikono miwili. Alicheka Msimbazi nzima. Alicheka mpaka Ilala.

Mlangoni mwa ukumbi alinikumbatia, majivu na yote, akasema hakuna gari lingine duniani ambalo lingemtoa nyumbani vile, na kwamba Baba angecheka mpaka akohoe. Nikalia hadharani. Bi Kuruthumu alikuwa tayari ameshakaa, anakula sambusa.

Tarehe 24 Septemba, Jumatano

Nimefanya uchambuzi wa kina. Bibi harusi mwenyewe amethibitisha kwamba hakuna gari lingine lingefaa. Kwa hiyo gari halina kosa. Dereva hana kosa. Yanabaki matarumbeta, ambayo ni wazi yalikuwa yanakwenda polepole mno, na flaiwili, ambayo nadhani bado ilikuwa nzito.

Nimemweleza Kitwana. Akajitolea kunirudishia klachi ile ya kwanza, ya mgeni anayepiga hodi, tena bila kunitoza ufundi. Nimekataa. Nimemwagiza ya diski mbili, na flaiwili nyepesi kuliko hii. Alikaa chini akashika kichwa. Furaha, bila shaka.

Na si hayo tu! Shamsa, binti wa Ba'mdogo Hashimu, anaolewa Desemba. Naye amesema hapandi gari lolote ila Kimbunga. Video ya Msimbazi ameitazama mpaka simu ikaisha chaji. Kamati imekubali bila mjadala. Bila mjadala! Kasmir mwenyewe ndiye aliyeunga mkono hoja.

Ba'mdogo ameongeza jambo moja tu. Wale wapagazi wamealikwa rasmi, wanashonewa sare ya kitenge, na watatembea nyuma ya gari langu kuanzia mlangoni hadi ukumbini. Nikamuuliza kwa nini. Akasema ni kwa ajili ya usalama.

Walinzi, jamani! Tena wenye sare! Kasmir na otomatiki yake hajawahi kupewa hata mmoja.